Masizi juu ya mfuniko

Hotuba hii niliitoa kwenye mahafali ya wahitimu wa ufundi magari, Dar es Salaam. Nimeiandika upya kutoka kwenye rekodi ya simu ya mwanafunzi. Pale ambapo malori ya nje yalimeza sauti nimejaza kwa kumbukumbu.

Mheshimiwa mgeni rasmi, mkuu wa chuo, walimu wenzangu, wazazi na walezi, na nyinyi wahitimu mnaotokwa jasho ndani ya majoho ya kukodi: asalaam aleikum. Bwana Yesu asifiwe. Tumsifu Yesu Kristo. Ambao sikuwagusa, habari za mchana. Itifaki imezingatiwa.

Ratiba niliyopewa inasema shughuli hii ianze saa tatu asubuhi. Tumeanza saa tano kasoro, na sijasikia hata mmoja akiuliza kwa nini. Mgeni wetu alipoingia alisema neno moja tu, "foleni", ukumbi mzima ukamwitikia pole, utadhani katoka msibani. Mji huu ukichelewa kazini kwa kuumwa unadaiwa cheti cha daktari. Ukichelewa kwa kufiwa utaulizwa marehemu ni nani yako. Foleni haidaiwi ushahidi, maana anayekuuliza naye kafika dakika tano zilizopita.

Nimeombwa niseme kuhusu maadili ya kazi. Nitasema kuhusu moshi. Mkuu wa chuo, usishtuke, tutafika hukohuko.

Kwenye kiroba hiki nina machujio mawili ya hewa, yale tunayoyaita eya klina, yote ya Kosta. Hili ni jipya, limetoka kwenye boksi leo asubuhi. Hili la pili nimelichomoa jana jioni kwenye daladala moja inayopita Buguruni kila siku ya Mungu. Limekaa mle miezi kama mitatu. Nitalianzisha hapa mbele, mpokezane taratibu mpaka kule nyuma kwa wazazi. Lishikeni pembeni, kwenye raba. Mama uliyevaa kitenge kipya, wewe liangalie tu.

Sehemu kubwa ya mnachokiona hapo ni vumbi. Ule weusi unaoganda kwenye mikunjo ni masizi. Vyote hivyo injini ilitaka kuvivuta ikazuiwa. Sasa mkumbuke kwamba dereva amekaa hatua moja kutoka hapo, na konda ananing'inia mlangoni anaita abiria. Gari lina chujio, wao hawana.

Niliingia kwenye kazi hii mwaka 1997, kwenye gereji bubu chini ya mwembe, Tabata. Mzee aliyenifundisha hakuwa na geji hata moja, lakini alikuwa anausoma moshi kama nyinyi mnavyosoma meseji. Moshi mweusi: dizeli nyingi, hewa kidogo, angalia nozeli, angalia pampu, angalia eya klina. Wa bluu: gari linakula oili, ringi zimekwisha, mwambie tajiri, yaani mwenye gari, ajiandae kushusha injini. Mweupe usiokoma hata injini ikishapata moto: maji yameingia kwenye silinda, au dizeli inatoka bila kuungua. Ndivyo alivyonifundisha, na mimi nimewafundisha nyinyi, na mtihani mmeupasua. Kuna jambo moja hakunifundisha kwa sababu na yeye hakuna aliyemfundisha, nalo ni kwamba ule usiouona ndio wa kuogopa zaidi.

Wataalamu wa hewa wanahesabu chembe zenye upana wa maikroni 2.5 kushuka chini. Unywele wa kichwani mwako una maikroni 50 mpaka 70. Kwa hiyo chembe ishirini na zaidi zinaweza kujipanga kwenye upana wa unywele mmoja. Pua haizikamati wala kikohozi hakizitoi. Zinashuka mpaka kwenye vifuko vya mwisho vya mapafu, na zilizo ndogo zaidi zinapenya kuingia kwenye damu. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani likitaja maradhi yanayoletwa na hewa chafu haliishii kwenye pumu. Linataja kiharusi na moyo. Mwaka 2021 shirika hilo lilishusha kiwango chake cha mwaka kutoka mikrogramu 10 hadi 5 za chembe hizo katika mita moja ya ujazo ya hewa. Na linasema karibu watu wote duniani, 99 katika kila 100, wanavuta hewa isiyofikia viwango vyake. Kwa hiyo sijaja kuusema mji wetu peke yake.

Niwape kisa cha wenye uwezo. Mwaka 2013 jijini London alifariki mtoto wa kike wa miaka 9 kwa pumu. Kwao palikuwa karibu na barabara ya South Circular, barabara ya magari mengi na foleni, kama Mandela yetu. Mama yake hakuridhika na majibu ya awali. Akahangaika miaka, mpaka Desemba 2020 ofisa wa kuchunguza vifo akatamka kwamba hewa chafu ilichangia kifo kile. Ilikuwa mara ya kwanza Uingereza. Miaka saba, kwenye nchi yenye vipima hewa mitaani, ndipo neno hilo likaingia kwenye karatasi. Huku kwetu tunarudi makaburini tunasema marehemu alikuwa na kifua, basi, tunakunywa chai.

Sasa twende kwenye foleni yenyewe. Watu wakiilalamikia foleni wanalalamikia saa zao, na wana haki. Fundi anaona kingine. Injini imeundwa ifanye kazi ikiwa na moto na gari likiwa linatembea. Ikisimama inaunguza tu. Gari dogo limesimama, AC imewashwa, linakunywa kitu kama lita moja kwa saa; lori la semi mara mbili au tatu ya hapo. Mtu anayekaa saa mbili kwenye foleni kwa siku ananunua lita mbili za petroli ili abaki alipo.

Halafu kuna ile simama-ondoka. Dereva wa dizeli akitoka kwenye kusimama anakanyaga, mafuta yanaingia kabla hewa haijatosha, turbo bado imelala. Pale ndipo linapotoka lile wingu. Kasimameni Buguruni trafiki akiruhusu upande mmoja mjionee wenyewe. Gari bovu linatoa wingu zito. Gari zima linatoa kidogo, lakini kwa foleni ile litatoa mara arobaini kabla halijafika TAZARA. Na breki nazo: kila ukikanyaga, pedi inasagika, na unga wake unaenda hewani pamoja na wa tairi. Wale wanaosema magari ya umeme yatamaliza kila kitu, yatapunguza mengi, ni kweli, ila unga wa breki na tairi utabaki na foleni itabaki ileile, ya kimyakimya.

Niliwahi kumuuliza suka mmoja wa daladala kwa nini hazimi gari kituoni, yuko pale nusu saa anajaza, injini inanguruma, bibi kizee amekaa siti ya nyuma amejifunika mtandio puani. Akaniambia, "Mwalimu, betri." Betri imekufa na stata inakwama. Akizima, abiria washuke wasukume. Betri mpya ni hesabu ya siku kadhaa, ile pesa anayompelekea tajiri kila jioni. Gari ni la tajiri, na tajiri anataka hesabu yake jioni iwe mvua iwe jua. Suka mwenyewe siku hiyo alikuwa deiwaka, gari si lake hata kwa wiki. Nozeli za gari lile zilihitaji kupimwa tangu Ramadhani iliyopita, na kupima nozeli ni gari lilale siku nzima. Nani atalipa hesabu ya siku hiyo? Ukitaka kujua kwa nini moshi wa Dar ni mweusi, usianzie kwenye eksozi. Anzia kwenye daftari la hesabu la tajiri.

Nje ya ile gereji ya Tabata alikuwepo mama lishe, sisi tukimwita Mama Chapati. Nimekunywa chai yake kwa mkopo miaka kumi na moja. Asubuhi moja ya kiangazi, upepo hakuna, akaniita: "Fundi, hebu njoo uone." Sufuria ya chai ilikuwa jikoni, kaifunika kwa sinia. Akapitisha kidole juu ya sinia. Kidole kikatoka cheusi tii. Mimi na ujuaji wangu nikamwambia, "Mama, huo si mkaa wako?" Akacheka mpaka akashika kiuno. "Baba, mkaa wangu uko chini ya sufuria. Haya yametoka juu."

Nikarudi kazini. Gari lililokuwa kwenye jeki saa ile nilikuwa nalitengeneza mimi, na kazi niliyokuwa nayo mkononi ilikuwa kutoa masega.

Wazazi pengine hawayajui masega. Ni kopo la chuma kwenye njia ya eksozi, karibu na injini. Ndani yake kuna kigae chenye matundu madogomadogo kama sega la nyuki, na kuta za matundu hayo zimepakwa madini ya thamani: platinamu, paladiamu, rodiamu. Moshi wa petroli ukipita mle, na kopo likiwa limepata joto la kutosha, kitu kama nyuzi 300, sumu zake kubwa zinageuzwa. Ile gesi inayoua mtu akilala ndani ya gari kwenye banda lililofungwa inageuka kuwa hewa ya kawaida ya pumzi anayotoa mtu. Mafuta ambayo hayakuungua yanamaliziwa. Oksidi za naitrojeni, zile zinazowasha macho na koo, zinavunjwa. Mjapani ameliweka pale kwa gharama. Gari linashuka bandarini likiwa nalo. Kisha linatufikia sisi.

Tajiri anakuja, gari halivuti. Hatupimi. Tunagonga kopo kwa spana, tunasikiliza kama waganga, tunatangaza: "Masega yameziba, boss." Tunakata, tunachomoa, tunachomelea bomba tupu, tunamwahidi gari litakuwa jepesi na litabana wese. Taa ya injini ikiwaka kwenye dashibodi tunajua namna ya kuidanganya isiwake. Masega yanaingia kwenye kiroba. Jioni anapita mnunuzi na mizani yake, ambaye bei ya platinamu anaijua kuliko bei ya unga. Mwenye gari amelipa tulitoe, mnunuzi amelipa alichukue. Fundi anakula huku na huku.

Sikufanya hivyo kwa gari moja wala kumi. Vyumba viwili vya nyumba ninayolala vimejengwa kwa masega. Mke wangu yuko ukumbini, anaweza kunisuta kama nimeongopa. Ninalisema leo kwa sababu wiki ijayo wengi wenu mtakuwa kwenye gereji ambako mtaambiwa mfanye hivyohivyo, na atakayewaambia atakuwa mtu mzima, mnamwamkia shikamoo, na ndiye atakayewapa nauli ya kurudi nyumbani.

Wakenya hawaruhusu gari lililozidi miaka 8 tangu litengenezwe kuingia nchini. Sisi tunaruhusu, ila chakavu linalipa ushuru zaidi. Kila nikikaa na watu wanaopenda mada hizi nasikia tuige Kenya. Labda. Ila mimi gari la miaka 15 lenye masega yake na plagi nzima nitasimama nyuma yake kwa amani kuliko la miaka saba lililopita mikononi mwangu enzi zile.

Na tusiseme haiwezekani, maana tumeshaona inavyowezekana. Zamani petroli ilitiwa risasi ili injini isigonge, na risasi ile ilikuwa inaishia kwenye damu na akili za watoto. Mwanzoni mwa 2006 ikawa imeondoka nchi zote za kusini mwa Sahara. Kisha kuanzia Januari 2015 nchi za Afrika Mashariki zikahamia dizeli isiyozidi sehemu 50 za salfa kwa kila milioni. Nyinyi wahitimu wengi mlikuwa shule ya msingi. Hakuna aliyepiga ngoma, hakuna aliyeandamana, na kituo cha mafuta hakikubadilisha hata rangi. Mafuta yalisafishwa huko yanakotoka, yakatufikia masafi zaidi, sisi mafundi tukaendelea kutoa masega.

Anayetoa moshi na anayeuvuta mara nyingi si mtu mmoja. Mwenye gari anafunga vioo, ingawa asijidanganye sana: AC yake inavuta hewa kutoka mbele, yaani kutoka kwenye eksozi ya mwenzake. Bonyeza kile kitufe cha kuzungusha hewa ya ndani, bure kabisa, wengi hawajui kipo. Lakini huyo atafika ofisini. Mama Chapati hafiki popote, ofisi yake ni pale. Trafiki wetu wanavaa nyeupe. Tazameni kola zao saa kumi jioni kisha mniambie kama nahitaji mashine ya kupima. Machinga kapanga viatu pembezoni mwa barabara anavifuta kila robo saa, na kifua chake hakifutiki. Na yuko mwanafunzi. Mtoto huyu nauli yake ni pungufu, kwa hiyo konda anamsukuma mlangoni apakie wakubwa kwanza. Yanapita mabasi matano kabla hajapata la kumchukua. Mtu mzima kasimama kituoni dakika kumi, mtoto kasimama saa nzima, kwenye moshi uleule, na mapafu yake bado yanakua. Wazazi, hilo nalo mliweke kwenye hesabu siku mkisikia mtoto kachelewa kurudi.

Mtasema dawa ni barabara. Mji huu umejengwa kama kiganja cha mkono: barabara ya Bagamoyo, ya Morogoro, ya Nyerere, ya Kilwa, vidole vyote vinakutana Posta na Kariakoo, na bandari iko palepale. Malori ya Zambia, Kongo, Rwanda na Burundi yanatoka getini na kupanda Mandela. Mwaka 2002 mkoa ulikuwa na watu kama milioni 2.5. Sensa ya 2012 ikakuta 4,364,541, ya 2022 ikakuta 5,383,728. Hapo hujawataja waliovuka mpaka kujenga Kibaha, Mkuranga na Kerege, ambao sensa inawahesabu Pwani na asubuhi tuko nao Ubungo.

Tumejenga, na sibezi. Daraja la Mfugale pale TAZARA mwaka 2018. Kijazi pale Ubungo mwaka 2021. Anayekumbuka Ubungo ya mataa anajua tulikotoka, mtu alikuwa anapika ugali akala akaosha vyombo. Daraja la Tanzanite mwaka 2022. Njia nane kutoka Kimara kwenda Kibaha, ambayo mwaka 2017 iling'oa nyumba za watu mpaka Kiluvya, na baadhi ya wazazi humu ndani najua bado jeraha halijakauka. Sasa nendeni mkapime: unashuka Kijazi kwa raha, kioo wazi, unaimba, unaikuta foleni Buguruni. Mfumo wa maji ukiziba hupanui bomba la juu ukaacha la chini. Na hata ukipanua lote, watu wanalijia. Ukitandika mkeka mkubwa barazani wageni nao wanaongezeka, wa jana anamleta shemeji yake. Mtu aliyekuwa anapanda basi kwa kuogopa foleni akisikia njia imefunguka anaenda kuagiza kigari.

Hesabu ninayoiamini mimi ni ya futi kamba. Basi refu la mwendokasi linalopita njia yake ya peke yake, lile lenye kiungo katikati, lina mita 18 na linabeba watu kama 150. Kwenye mita 18 unapanga magari madogo manne, bampa kwa bampa. Kila moja lina mtu mmoja. Watu wanne hao wamechukua nafasi ya mia na hamsini, na wanalalamika kwamba mwendokasi imewapunguzia barabara.

Mwendokasi ilipoanza Mei 2016, Kimara mpaka Kivukoni na matawi yake, kilomita 20.9, ofisini watu walianza kufika mapema wakakosa la kufanya. Mji ukapewa tuzo ya kimataifa ya usafiri endelevu ya mwaka 2018, wa kwanza kutoka Afrika. Mnakumbuka? Hatukumbuki, kwa sababu baada ya hapo maji ya Jangwani yaliingia karakana ya mabasi mvua baada ya mvua, mabasi yakapungua, abiria wakaongezeka, watu wakaanza kuingia kwa dirishani. Mabasi yale yanahitaji mafundi. Yanahitaji vipuri vinavyofika kwa wakati na mtu wa kuvifunga anayejua anachofanya. Hapo ndipo nawatazama nyinyi wenye majoho. Watu wanadhani usafiri wa umma ni habari ya mawaziri na wahandisi. Basi likilala karakana kwa kukosa kitu cha laki mbili, watu 150 wanarudi kwenye daladala, na kumi kati yao wanakwenda kukopa wanunue gari.

Tulipopata treni ya mjini Oktoba 2012, Stesheni hadi Ubungo, tuliipa jina la waziri, treni ya Mwakyembe, kwa furaha. Mwaka 2024 treni ya umeme ikaanza kwenda Morogoro kisha Dodoma, na abiria wa mabasi ya mikoani wamehamia humo kwa hiari yao, hakuna aliyechapwa fimbo. Mtu wa Dar anahama haraka sana akipewa kitu kinachofika. Mkaa nao ni hivyohivyo. Maana mkaa wa Mama Chapati nao una moshi wake, siwezi kumtetea kwa hilo, na serikali imejiwekea lengo la asilimia 80 ya Watanzania kupika kwa nishati safi ifikapo 2034. Mtungi ukiwa nafuu na ukipatikana dukani jirani, atahama. Hatahama kwa semina.

Kitu kimoja kinanisumbua kama fundi. Hakuna anayetengeneza presha ya oili kwa kubahatisha. Unafunga geji, unasoma, ndipo unafungua. Tunayo Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004, tunazo kanuni za viwango vya ubora wa hewa za mwaka 2007, zimeandikwa vizuri. Geji ndizo chache. Wenzetu Kampala, pale Makerere, waliunda vipima hewa vya bei nafuu kwa mradi wao wa AirQo, vingine wakavifunga kwenye bodaboda, vikazunguka mji mzima vikisoma. Hiyo ni kazi ya vijana wenye ufundi kama wenu. Ningependa siku moja nipite Buguruni nikute kibao kinachosema hewa ya leo, kama vituo vya mafuta vinavyobandika bei ya leo.

Namalizia, mwenye saa ananionyesha vidole.

Mkiambiwa toa masega, pimeni kwanza. Mwanafunzi wangu anajua namna ya kupima presha kabla ya kopo. Mara nyingi mtakuta masega hayana kosa. Plagi inakosa moto, petroli mbichi inakwenda kuungulia mle ndani, au injini inakula oili na masega yanajaa masizi yake. Ukitibu ugonjwa huo gari linavuta. Tajiri atasema unamchelewesha, na pale jirani wanatoa kwa nusu saa. Atakwenda kwa jirani. Sitawadanganya, mimi nilipoacha nilipoteza wateja, na mmoja wao alikuwa shemeji yangu. Wengine walirudi baada ya gari kuanza kunuka na kula mafuta. Shemeji hajarudi mpaka leo, tunaonana Idi.

Na wenye daladala mliokaa kule nyuma, nawaona wawili ninaowafahamu: leteni gari Jumamosi, wanafunzi wa mwaka wa pili watapima nozeli kwenye mashine ya chuo. Mkuu wa chuo ameniruhusu, ingawa anageuka kuniangalia kama ndiyo kwanza anasikia. Gari litatoka jioni ileile. Hesabu ya siku hiyo mtaongea na suka wenu kibinadamu.

Lile chujio limefika wapi? Naliona, liko kwa baba mwenye baraghashia. Mzee wangu, shikamoo, naomba ulirudishe huku mbele kwa kijana huyo. Taratibu tu, na tafadhali usilikung'ute humu ndani, kuna watoto wachanga.